Leso haichuji, lakini maji yetu je?

Swali la kwanza la mnunuzi wa leso katika Barabara ya Biashara, Mombasa, si bei. Akishasoma jina, akaangalia pindo na mji, atauliza: "Yachuja hii?" Akihakikishiwa kwamba haichuji, hapo ndipo maneno ya bei huanza. Leso njema kwetu ni ile inayofuliwa mwaka mzima, ikaanikwa juani, ikalowa jasho, na wekundu wake ukabaki ule ule.

Sifa hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Rangi isiyotolewa na jua, sabuni wala jasho kwenye nguo haiondoki kirahisi majini pia. Si rangi yote inayotiwa kitambaani hushika. Kwa rangi nyingi zinazotumiwa kwa pamba, kumi kwa mia au hata zaidi ya thelathini kwa mia hukosa kushika na kuondoka na maji ya kuoshea. Maji hayo yakimwagwa mtoni, bakteria wanaokula uchafu wa kawaida huishindwa rangi hiyo, kwa sababu iliundwa makusudi isishindwe na kitu. Sifa ya dukani imegeuka kuwa balaa ya mtoni.

Naliandika hili sasa kwa kuwa ahadi ya viwanda vya nguo haikauki vinywani mwa viongozi wetu. Lamu inalima pamba. Dongo Kundu kumetengwa eneo maalumu la kiuchumi. Tangu sheria ya AGOA ya Marekani ya mwaka 2000, viwanda vya EPZ vimewapa maelfu ya vijana, hasa kina dada, kazi ya kushona nguo za kuuzwa ng'ambo. Kila kikao utasikia tuache kushona tu, tusokote uzi wenyewe, tufume wenyewe, tutie rangi wenyewe, na leso zetu tuzichape hapa hapa. Mimi nayaunga mkono hayo. Vijana wetu hawawezi kula mandhari ya ufuo.

Ila ipo tofauti ambayo haitajwi mikutanoni. Kushona hakuhitaji maji mengi. Kutia rangi, kuchapa na kuosha nguo kunayahitaji sana, na kilo moja ya kitambaa yaweza kutumia lita mia moja au zaidi hadi ikamilike. Siku tutakapovuka kutoka cherehani hadi birika la rangi, suala litakuwa limehama kutoka mishahara na kufika baharini.

Leso yetu, mto wa wenzetu

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Leso nyingi tunazozivaa ziliundwa India, na mji mmoja uliojipatia jina kwa kazi hiyo ni Jetpur, katika jimbo la Gujarat. Huko huchapwa sari za kuvaliwa na Wahindi wenyewe, na leso za kuvukishwa bahari zije kwetu. Mji huo umekaa kando ya mto Bhadar, na maji ya rangi ya viwanda vyake yameupa mto huo sifa mbaya kwa miaka mingi. Bhadar humwaga maji yake katika Bahari ya Arabu, upande wa Porbandar, pwani ile ile ambayo majahazi yake yaliletwa kwetu na kaskazi tangu zama za mababu.

Serikali ya Gujarat ilileta mpango wa kulaza bomba ili maji ya Jetpur, yakishasafishwa, yapelekwe baharini mbali na ufuo wa Porbandar. Wavuvi wa huko walisimama kuupinga. Ukitafakari utaona kwa nini. Iwapo maji yamesafishwa sawasawa, kiwanda chenye kiu ya maji kingeyatumia tena chenyewe. Na iwapo hayajasafishwa sawasawa, bomba halijaondoa uchafu, limeuhamisha kutoka kwa mkulima wa kando ya mto hadi kwa mvuvi.

Sisi tunaovaa leso hizo tumo katika hadithi hii, japo hatukumwaga tone. Bei nafuu tuliyolipa dukani haikujumuisha gharama ya kusafisha maji. Aliyeilipa ni mtu wa Bhadar. Tukitaka kazi hiyo ije kwetu, lazima tujue kwamba na ankara hiyo inakuja pamoja nayo.

Umeme unavyoikata rangi

Habari njema ni kwamba rangi hizi zaweza kuharibiwa kabisa, zisibaki rangi wala kitu kingine cha kutisha. Mojawapo ya njia zinazofanyiwa utafiti mwingi duniani ni kuzichoma majini kwa nguvu ya umeme. Wataalamu huiita uoksidishaji wa hali ya juu kwa umeme. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe mama yeyote anayefua ameshaliona nusu yake.

Tone la jiki likidondokea leso, huacha doa jeupe lisilofutika. Jiki haikuiondoa rangi pale kama sabuni inavyoondoa tope. Imeikata molekuli yake. Rangi nyingi za viwandani ni za jamii iitwayo azo. Ndani yake mna atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana kwa kiungo maradufu, zikaunganisha pande mbili za molekuli kama daraja. Daraja hilo likiwa zima, tunaona nyekundu, manjano au bluu. Likikatwa, rangi hupotea machoni.

Njia ya umeme hutumia kikataji kikali kuliko jiki: radikali ya haidroksili. Ni kipande cha maji chenye oksijeni moja na haidrojeni moja, kilichopungukiwa elektroni, nacho hupora elektroni hiyo kwa chochote kilicho karibu. Kwa ukali wake huo, maisha yake ni mafupi kuliko kupepesa jicho, kwa mamilioni ya mara. Huwezi kukinunua kwa pipa ukakiweka ghalani. Sharti kizalishwe mle mle ndani ya maji machafu, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na umeme.

Zipo njia mbili mashuhuri za kukizalisha. Ya kwanza ni kutumbukiza sahani mbili majini, anodi na kathodi, kisha kupitisha umeme. Anodi bora kwa kazi hii hupakwa almasi ya kutengenezwa kiwandani iliyochanganywa na boroni kidogo ili ipitishe umeme. Maji yakigusa uso wake huvunjika, na radikali huzaliwa hapo hapo. Njia ya pili imejengwa juu ya kazi ya mkemia Mwingereza, Fenton, aliyeonyesha mwaka 1894 kwamba haidrojeni peroksaidi ikikutana na chuma kilichoyeyuka hupata ukali wa ajabu. Leo umeme hutumiwa kuitengeneza peroksaidi hiyo kutokana na oksijeni ya hewa kwenye kathodi, kisha chuma kidogo kinamaliza kazi. Kasoro yake ni kwamba hupenda maji makali kama siki, kwa hiyo hutiwa asidi kwanza, na baadaye asidi hiyo ipozwe kabla ya maji kutolewa.

Jambo linaloifanya njia ya umeme ifae viwanda vya nguo ni chumvi. Rangi za pamba zinazoitwa reaktivu hazishiki vyema bila chumvi nyingi. Birika la kutilia rangi laweza kuwa na gramu 30 hadi 80 za chumvi kwa lita. Bahari yetu ina kama gramu 35. Yaani yapo maji ya kiwandani yenye chumvi kushinda ya Nyali. Chumvi hiyo huwaua au kuwadhoofisha bakteria wa kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka, lakini kwa umeme ni rafiki, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi.

Urafiki huo nao una masharti. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi ya kawaida, huzaa klorini kwenye anodi, na klorini hiyo ndiyo mama wa jiki. Inasaidia kukata rangi, na kwa haraka. Lakini klorini ina tabia ya kujibandika kwenye vipande vya molekuli zilizokatwa nusu, na vipande vyenye klorini vyaweza kuwa na sumu kushinda rangi iliyotangulia. Mtambo ulioachwa bila mtu wa kuufuatilia waweza kutoa maji meupe pe yenye madhara mapya.

Maji meupe si maji safi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anipe sikio zaidi, maana hapa ndipo tunapoweza kudanganywa mchana kweupe.

Katika kazi hii, rangi ndiyo inayoondoka mwanzo. Dakika chache tu za umeme zaweza kuyafanya maji ya damu ya mzee yaonekane kama ya mvua. Mbele ya wageni waheshimiwa na kamera, bilauri mbili zitawekwa mezani, ya kabla na ya baada, na watu watapiga makofi. Lakini kukatika kwa daraja la naitrojeni hakumaanishi kwamba pande zake mbili zimetoweka. Pande hizo bado zinaelea majini bila rangi, na baadhi yake ni amini za jamii ambayo ndani yake mna visababishi vya saratani, kama benzidini. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, kwa nguo na ngozi zinazogusa mwili, rangi za azo zinazoweza kuachia amini zaidi ya 20 zilizoorodheshwa. Wenzetu hawakutosheka na kile jicho linachokiona.

Kazi imekamilika pale ambapo vipande vyote vimechomwa vikawa hewa ya kaboni, maji na chumvichumvi. Hilo halionekani kwa macho, hupimwa maabara. Kipimo kinachotumika sana huitwa COD, nacho hueleza ni oksijeni kiasi gani ingehitajika kuuchoma uchafu uliobaki majini. Kipimo kingine huhesabu kaboni yote iliyosalia. Cha tatu ni kuweka viumbe hai vidogo ndani ya maji hayo na kuangalia kama vitaishi.

Sheria yetu imeshalifikiria hili kwa kiasi. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ziliweka kikomo cha COD cha miligramu 50 kwa lita kwa maji yanayotolewa kwenye mazingira, na rangi isizidi Hazen 15. Ni viwango vikali, na ni vyema viwe vikali. Ila kipimo cha Hazen kilibuniwa kwa maji yenye umanjano wa majani na udongo, si kwa maji mekundu au ya buluu ya kiwanda cha leso. Kwa hivyo kiwanda kikitupa namba ya rangi peke yake hakijatupa jibu. Tuombe COD, na tuombe matokeo ya viumbe hai.

Anayelipa umeme ni nani

Kuiondoa rangi kunahitaji umeme kiasi. Kuuchoma uchafu wote hadi mwisho kunahitaji umeme mwingi kwa mara nyingi zaidi. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mwanzoni maji yamejaa uchafu, na kila radikali ikizaliwa inakutana na kitu cha kukata. Kadiri maji yanavyosafika, ndivyo vipande vinavyokuwa vichache na kuchukua muda kuifikia anodi, na umeme mwingi hupotea bure. Robo ya mwisho ya uchafu ndiyo ghali, na ndiyo isiyoonekana.

Mfanyabiashara ni mtu wa hesabu. Akiona maji yameshakuwa meupe na mita ya umeme bado inazunguka, kishawishi cha kuzima swichi ni kikubwa, hasa usiku. Simshutumu mtu yeyote. Nasema tu kwamba mtambo mzuri bila mtu wa kuupima ni pambo.

Wahandisi wana majibu ya hekima kwa tatizo la gharama. Wanashauri maji yasichanganywe yote. Maji ya birika la kwanza la rangi ni machache lakini makali; hayo ndiyo yapelekwe kwenye umeme, na ya suuza za mwisho yarudishwe kiwandani. Wanashauri pia umeme usifanye kazi yote. Ukiikata molekuli ngumu vipande vidogo, na chumvi ikapunguzwa, bakteria huweza kumalizia kwa gharama ndogo. Na kwa kuwa mitambo hii hutumia umeme wa mkondo mmoja, ule ule unaotoka kwenye paneli za sola, jua la Pwani linaweza kubeba sehemu ya mzigo.

India inatupa somo la pili, safari hii kutoka kusini, mji wa Tirupur, jimbo la Tamil Nadu. Viwanda vya kutia rangi vya huko viliuharibu mto Noyyal hadi wakulima wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mamia ya viwanda hivyo vifungwe hadi vitakapofikia hatua ya kutotoa tone la maji machafu nje. Njia iliyofuatwa zaidi huko ilikuwa kuchuja maji kwa shinikizo na kuyachemsha ili chumvi ipatikane tena, na viwanda vingi vilijiunga pamoja kuendesha mtambo mmoja. Gharama iliuma. Lakini Tirupur bado inashona na kuuza fulana duniani. Wanaotuambia kwamba masharti ya maji yatafukuza wawekezaji wauangalie mji huo.

Hori zetu hazina mlango wa nyuma

Kuna anayesema bahari ni kubwa, itameza. Bahari kuu, pengine. Lakini viwanda vya Mombasa havijakaa kando ya bahari kuu. Vimezungukwa na hori za Makupa, Tudor na Port Reitz, ambamo maji huingia na kutoka kwa mlango mwembamba, na sehemu ya yaliyotoka na maji kupwa hurudi na maji kujaa. Humo ndimo mikoko ilimo, kamba hukulia humo, na chaza huchuja maji siku kutwa wakihifadhi mwilini walichokichuja. Maji yenye rangi nzito huzuia mwanga kufika chini, na mimea ya majini bila mwanga haitengenezi chakula. Ongeza kwamba nyumba nyingi za Mombasa hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka, basi utaona hori hizo zina mzigo wa kutosha tayari.

Na gharama ya kuchelewa tunaijua. Owino Uhuru, pale Jomvu, watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri hadi risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za mahakama kwa miaka mingine. Hakuna fidia inayoitoa risasi kwenye mifupa ya mtoto. Kilichokosekana pale mwanzoni ni watu kuuliza na kujibiwa kabla ya moto kuwashwa.

Kabla ya kiwanda chochote cha aina hii kujengwa, sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanapewa nafasi ya kusema. Mara nyingi tunakwenda kwenye vikao hivyo tukauliza jambo moja tu, vijana wangapi wa hapa wataajiriwa. Tuliulize hilo, ni haki yetu. Kisha tusiondoke bila kuuliza mengine.

Je, kiwanda kitashona tu, au kitatia rangi na kuosha? Kitatumia maji kiasi gani kwa siku, na yatatoka wapi wakati mitaa yetu inanunua maji kwa mitungi? Maji ya rangi yatasafishwa kwa njia gani, na chumvi itakwenda wapi? Umeme ukikatika, maji yatawekwa tangi gani hadi urudi, au yataelekezwa horini? COD itapimwa mara ngapi, na nani asiyelipwa na kiwanda atakayeipima? Matokeo yatabandikwa wapi, kwa lugha gani, ili mvuvi wa Mtongwe au mchuuzi wa chaza aweze kuyasoma?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. NEMA inao wajibu wa kukagua, na kaunti inao wajibu wa kujua kinachoingia kwenye mifereji yake. Vikundi vya usimamizi wa ufuo, wazee wa mitaa na maimamu wa misikiti iliyo karibu na hori wana sauti inayosikika kuliko wanavyodhani. Vyuo vyetu vya Pwani vina wanafunzi wa kemia wanaotafuta kazi ya kufanya. Wapewe chupa za sampuli na maabara.

Leso zikichapwa hapa nitafurahi, na nitazinunua hata zikizidi bei kidogo, mradi ziada hiyo ilipie mtambo unaowashwa usiku na mchana. Nadhani wengi wetu tungekubali hivyo, lau tungeulizwa. Tukiletewa bilauri ya maji meupe kwenye kikao, basi tushukuru kwa adabu, kisha tuombe karatasi ya maabara.